Usipoziba Ufa: Mume na Mke Walivyoikarabati Nyumba Yao Baada ya Tetemeko

*Yafuatayo ni maneno kamili ya mkazi mmoja, mshonaji wa nguo, aliyoyatoa katika mkutano wa wakazi wa kata kuhusu makazi bora. Yanachapishwa kwa ridhaa yake na ya mume wake.*

 

Nimeombwa nizungumze kwa muda mfupi juu ya ukarabati wa nyumba. Nilipopokea mwaliko huo nilidhani umekosea mlango, maana mwashi ni mume wangu, si mimi. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu mnaijua, imekaa barazani miaka mingi. Lakini aliyenialika alinijibu hivi: “Mume wako tumemsikia mara nyingi akieleza habari za saruji. Safari hii tunataka kumsikia yule aliyeshika daftari.” Basi nimekuja na daftari lenyewe. Ndilo hili mkononi mwangu.

Ninalo jambo moja tu la kuwaambia. Nyumba inayokarabatiwa na mume na mke husimama kwa ujuzi wa wote wawili, na ujuzi huo unastahili kuheshimiwa mara mbili. Mara ya kwanza ni wakati wa kazi, kabla fedha haijatumika. Mara ya pili ni katika maandishi, kabla mmoja wao hajatangulia mbele ya haki. Wengi wetu hulijitahidia la kwanza, la pili tukalisahau.

Alasiri ile ya Septemba

Hakuna aliyekuwa hapa ambaye ameisahau Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na saba alasiri. Nilikuwa nimeinama juu ya cherehani, nikasikia mngurumo kama wa lori zito linalopita chini ya sakafu. Tulipotoka nje, vumbi lilikuwa limetanda juu ya migomba. Tetemeko lile, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 katika mkoa wetu, likajeruhi mamia, likaharibu maelfu ya nyumba. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, ambazo baba zetu walizionea fahari, zilibomoka kiasi cha kuwafanya wanafunzi wake watawanywe kwenda kusoma kwingine.

Nyumba yetu haikuanguka, nasi tulimshukuru Mungu. Ni nyumba aliyoijenga baba mkwe, ya matofali ya kuchoma, upana wa meta 6 na urefu wa meta 8. Lakini kama nyumba nyingi za umri wake, matofali yake yaliunganishwa kwa udongo. Saruji ilipakwa juu tu, katika ripu. Baada ya vumbi kutua tuliona nyufa mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye pembe ya dirisha ikapanda kwa mshazari hadi chini ya paa. Ya pili ilikuwa kwenye kona ya sebule, pale kuta mbili zinapokutana. Hapo kuta zilikuwa zimeachana, nikaweza kuingiza kidole.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Miezi ile mume wangu aliitwa kila siku kutengeneza nyumba za watu, ya kwake ikasubiri. Mwezi wa Novemba, siku moja ya mapumziko, aliloweka saruji, akaziba nyufa zote mbili, akasawazisha, akapaka rangi. Ukuta ulipendeza. Mimi sikuwa na ujuzi wa kumpinga, ila nilikuwa na ujuzi wangu. Kitambaa kilichochanika kwa kuvutwa, ukikishona juu juu bila kupunguza mvuto, kitachanika tena palepale. Nilichukua penseli, nikachora kistari kidogo mwisho wa kila ufa, nikaandika tarehe pembeni.

Ilipofika Pasaka ya mwaka 2017, ufa wa dirishani ulikuwa umefunguka upya na kukipita kistari changu kwa upana wa vidole vinne. Nilimwita mume wangu, nikamwonyesha. Alisimama pale kwa muda mrefu. Saruji ya Novemba ilikuwa imepotea bure. Mwashi aliyetengeneza nyumba za watu alikuwa amejidanganya katika nyumba yake mwenyewe. Hili nalisema kwa idhini yake. Yeye ndiye aliyenituma nilitaje, ili wenzake wasirudie.

Kila mmoja alishindwa mara moja

Jioni hiyo tulikaa barazani tukashauriana. Nilimwuliza swali la mshonaji: “Ni nini kinachouvuta ukuta huu?” Akanieleza kwamba kuta zetu nne zilikuwa zimesimama kila moja peke yake, kama watu wasioshikana mikono. Ardhi ikitikisika, kila ukuta hucheza kivyake, na penye udhaifu, yaani kwenye kona na kwenye pembe za madirisha, hupasuka. Dawa yake ni mkanda wa zege wenye nondo, unaozunguka nyumba nzima juu ya kuta na kuzifunga pamoja.

Nilifurahi kuelewa, mpaka aliponiambia gharama. Mkanda ule ungekaa juu kabisa ya kuta, kwa hiyo ilibidi kuezua paa. Hapo mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa na akiba yangu ya kikundi niliyoikusanya kwa miaka mitatu ili ninunue cherehani ya umeme. Nilisema tuweke ripu nzito zaidi, mambo yaishe. Akanijibu kwa upole: “Mama, wewe ndiye uliyeniambia kwamba kitambaa hakishonwi juu juu.” Nikanyamaza. Akiba ile ikaenda kwenye nondo.

Na yeye alishindwa mara moja. Nilimwomba tusinunue chochote kabla hakijapimwa na kuandikwa. Hakupenda. Alisema ana miaka ishirini akikadiria kwa jicho, na jicho lake halijamwangusha. Nilimwambia jicho lake halijamwangusha yeye, kwa sababu kinachobaki hulipiwa na mwenye nyumba, na safari hii mwenye nyumba ni sisi. Akacheka, akanipa futikamba.

Naomba niwasomee ukurasa mmoja wa daftari, maana mfano huu unaweza kumsaidia mtu. Chumba cha watoto kina upana wa meta 3 na urefu wa meta 4. Mzunguko wake ni meta 14. Kimo cha ukuta ni meta 2.5. Eneo lote la kupiga ripu ni meta za mraba 35. Ondoa mlango na dirisha, zinabaki karibu 32. Kwa ripu ya unene wa milimita 15, na mchanganyiko wa saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu nne, chumba hicho kinahitaji mifuko 4 ya saruji ya kilo 50. Jicho la mume wangu lilikuwa limesema mifuko 6. Kwa vyumba vitatu tuliokoa mifuko 6, bila kuupunguza uimara wa ukuta hata kidogo.

Mkanda nao tuliupima vivyo hivyo. Mzunguko wa nyumba ni meta 28. Nondo nne zikilazwa sambamba ni meta 112. Nondo moja ina meta 12, na panapounganishwa mbili lazima zilaliane, kwa nondo za milimita 12 yapata sentimeta 60. Tukaandika nondo 11. Mshonaji anajua kwamba anayesahau upindo wa nguo atapungukiwa na kitambaa. Mume wangu naye alijua kitu ambacho daftari halikuweza kujua: kwamba kwenye kona nondo zikunjwe na kuingia upande wa pili, zisiishie konani. Bila ujuzi wangu tungenunua kupita kiasi, na bila ujuzi wake tungekuwa na chuma kingi kisichoshika kitu.

Kazi yenyewe

Tulianza mwezi wa Juni, mvua za masika zilipokwisha. Sisi wa pwani hii ya Ziwa Viktoria tunapata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, yapata milimita 2,000 kwa mwaka mjini Bukoba, na muda wa kufanya kazi bila paa ni mfupi: Juni, Julai na Agosti. Anayeezua paa mwezi wa Septemba anacheza kamari.

Utaratibu ulikuwa huu. Kwanza, mabati yalishushwa na kuandikwa namba kwa chaki, ili kila bati lirudi mahali pake na matundu ya misumari yalingane. Pili, kuta zilizolegea ziliegemezwa kwa nguzo. Tatu, nyufa zilichimbuliwa. Matofali yaliyokatika yalitolewa moja moja, yakawekwa mazima yanayopita upande huu na upande huu wa ufa kama mshono, yakiunganishwa kwa saruji na si kwa udongo. Nne, ulimwagwa mkanda. Tano, zege lilinyweshwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba, kwa kuwa zege linalokauka haraka huwa dhaifu. Kenchi na mabati yalifuata, kenchi zikiwa zimefungwa kwenye mkanda kwa vyuma. Ripu ilikuja mwisho kabisa. Novemba iliyopita tulikuwa tumeanzia hapo pa mwisho.

Kazi ya maji ilikuwa yangu na ya watoto. Na kulikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna fundi aliyeifikiria. Kuta zisizo na paa, zilizojengwa kwa udongo, zikinyeshewa usiku mmoja hulainika. Turubai kubwa la kufunika nyumba nzima hatukuwa na uwezo wa kulinunua. Nilikusanya maturubai makuukuu, mengine tuliyopewa na majirani baada ya tetemeko, nikayaunganisha kwa sindano nene na uzi wa kushonea magunia, nikatia pindo mbili na vitanzi vya kamba kila baada ya meta moja. Nilishona usiku nne. Mafundi wasaidizi walitabasamu walipoliona, maana lilikuwa na rangi tatu.

Katikati ya Agosti, siku ya pili baada ya kumwaga mkanda, mvua ilikuja saa nane za usiku bila kubisha hodi. Tulitoka sote, mume wangu juu ya ngazi, mimi na watoto chini tukivuta kamba. Kulipokucha, maji yalikuwa yametuama uani, lakini kuta zilikuwa kavu. Tangu siku hiyo hakuna aliyelicheka tena turubai langu. Mume wangu amelihifadhi, na huwaazima wateja wake.

Nyufa zipi ni za kuogopa

Kabla sijaendelea, mume wangu ameniagiza niseme haya kwa faida ya kila kaya. Ufa mwembamba kama unywele, ulio katika ripu peke yake, si wa kukutia hofu. Ufa wa kuogopa ni ule unaoonekana ndani na nje ya ukuta, ule unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, ule unaotoka pembeni mwa dirisha kwa mshazari, na zaidi ya yote ule wa konani ambako kuta zimeachana. Chora kistari mwisho wake, andika tarehe, angalia tena baada ya mwezi. Ukiwa unakwenda, usiuzibe. Mwite fundi mwenye ujuzi, na fika katika ofisi ya kijiji uelekezwe kwa wataalamu wa ujenzi wa Halmashauri. Kama eneo lako limeingizwa katika mipango miji, uliza pia habari za kibali kabla hujaezua.

Swali la usiku mmoja

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu.

Daftari hili lina safu mbili. Moja ni ya mume wangu, nyingine ni yangu. Katika safu yake ziliandikwa siku zake za kazi, kila moja kwa ujira ambao angelipwa kwa jirani. Katika yangu iliandikwa akiba ya kikundi, turubai, ndoo za maji, na chakula cha mafundi. Alipokiona chakula aliuliza kwa nini kimeandikwa. Nikamjibu kwamba kama nisingepika, kingenunuliwa. Akatikisa kichwa, akaniambia niongeze na kuni.

Jioni moja, paa likiwa limerudi, shemeji yangu alikuja kututembelea. Alizunguka nyumba, akagonga kuta kwa furaha, akasema: “Mmefanya vema. Nyumba ya ukoo imekuwa imara.” Hakuwa na ubaya wowote. Ni mtu aliyetusaidia kubeba kokoto. Na alisema kweli: kibanja ni cha ukoo, nyumba ilijengwa na baba yao. Lakini usiku huo sikulala. Nilimwuliza mume wangu: “Baba, ukitangulia wewe, mimi katika nyumba hii nitakuwa nani?”

Hakunijibu. Alikaa siku mbili bila kulitaja. Siku ya tatu alisema: “Nilikuwa natafuta jibu ambalo si uongo. Sikulipata. Twende tukaulize.”

Tulienda, na ninawaeleza tuliyojifunza, kwa kuwa ni haki ya kila mmoja kuyajua.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, haimruhusu mwanandoa kuuza, kuweka rehani wala kugawa nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjika, na kinataja michango ya aina tatu: fedha, mali na kazi. Tena kifungu hichohicho kinasema kwamba mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa nayo huhesabiwa, ikiwa imeboreshwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi zao wote wawili. Akina baba na akina mama, hapo ndipo ukarabati unapoingia. Mkanda wa zege juu ya kuta za baba mkwe si jambo dogo mbele ya sheria.

Na kazi za nyumbani je? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufaa yake, kwa sababu za shauri lake, lakini kanuni iliyotamkwa siku ile imewafaa wengi waliomfuata. Kwa hiyo sufuria ya maharage iliyomo katika daftari langu haikuandikwa kwa ukaidi.

Hata hapa kwetu historia haijakaa kimya. Mwanamke wa Kihaya chini ya mila aliweza kurithi shamba la ukoo, lakini hakuruhusiwa kuliuza. Shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, lililoanzia katika Mahakama ya Mwanzo wilayani Muleba, lilifika Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo ya ubaguzi inapingana na Katiba. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo ni batili.

Lakini yule mtaalamu alitutahadharisha, nami nawatahadharisha. Kifungu cha 114 kinahusu ndoa iliyovunjika. Kifo kina njia yake, njia ya mirathi, na hapo mjane asiye na maandishi huweza kuzungushwa kwa miaka. Sheria humlinda kwa wepesi zaidi yule mwenye karatasi.

Tulichokifanya

Mume wangu aliwaita ndugu zake. Tuliketi katika sebule iliyokarabatiwa, daftari likiwa mezani. Alisoma safu zote mbili kwa sauti. Kisha akasema anataka nyumba na kiwanja chake viandikwe kwa majina yetu wote wawili, na kwamba ataandika wosia.

Shemeji alikunja uso. Aliuliza swali ambalo naamini wengi humu mnaliuliza moyoni: “Kwa hiyo kibanja cha baba kitauzwa?” Sikuchukia. Kwa Mhaya, kibanja ni mahali walipolazwa wazee wake. Anayeuliza hivyo anayatetea makaburi. Mume wangu alimjibu kwamba majina mawili ni kufuli mbili kwenye mlango mmoja. Mke hawezi kuuza bila mume, mume hawezi kuuza bila mke. Kibanja kinachotegemea saini ya mtu mmoja huuzwa kwa haraka zaidi, siku ya ulevi au siku ya deni, na wote tulimjua jirani aliyepoteza chake kwa namna hiyo. Shemeji alinyamaza kwa muda, akaomba kalamu. Alikuwa shahidi wa kwanza kutia saini.

Nakumbuka bibi yangu alivyotusimulia habari za msonge. Wanaume walisimamisha nguzo na kuezeka. Wanawake walikata nyasi za rweya na kuzitandika sakafuni. Bila nguzo hapakuwa na nyumba, na bila nyasi hapakuwa na mahali pa kukaa wala pa kumpokelea mgeni. Kazi za wawili ni jambo la kale kwetu. Kilichokuwa hakijafanyika ni kuziandika.

Ombi langu kwenu

Ndugu zangu, sitaki kuwachosha. Ninayo maombi manne.

Kwanza, leo jioni mzunguke nyumba zenu, mume na mke pamoja, mkiwa na penseli. Msiende mmoja mmoja, maana macho mawili ya ufundi tofauti huona nyufa tofauti. Huyu ni fundi bomba, yule ni mwalimu. Huyu ni mkulima anayejua maji yanakokimbilia mvua ikinyesha, yule ni mama lishe anayejua kuisimamia bajeti ya siku. Hakuna ujuzi usio na kazi katika nyumba.

Pili, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, fungueni daftari lenye safu mbili. Pimeni, andikeni, hifadhini stakabadhi.

Tatu, mfike katika ofisi zetu. Ofisi ya kijiji ndiko maombi ya hatimiliki ya kimila yanakoanzia, pale ambapo kijiji kina cheti cha ardhi na masjala, na fomu inaruhusu majina ya wanandoa wote wawili. Wataalamu wa ardhi na wa maendeleo ya jamii wa Halmashauri hutoa maelekezo. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 huwasaidia wasio na uwezo bila malipo. Wosia unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa kupitia RITA. Na vijana mliojifunza ufundi mitaani kama mume wangu, VETA wana utaratibu wa kuutambua rasmi ujuzi uliopatikana kazini. Ulizeni, mpate vyeti.

Nne, nawaomba wazee wa koo. Kijana akija na mkewe kuwaomba mshuhudie maandishi yao, msimwone kuwa ametawaliwa. Mwoneni kuwa ni mtu anayefunga kuta zake kwa mkanda.

Nyumba yetu ingali imesimama. Vistari vyangu vya penseli tuliviacha mahali pamoja, nyuma ya mlango wa sebule, bila kuvipiga ripu wala rangi. Kimoja kina tarehe ya Novemba 2016, kingine cha Pasaka iliyofuata. Wageni huuliza ni uchafu gani ule. Mume wangu huwajibu: “Hapo ndipo mke wangu aliponifundisha kazi yangu.” Nami humwongezea kwamba juu ya hapo, ndani ya zege wasikokuona, ndipo aliponifundisha ya kwangu.

Cherehani ya umeme sijainunua bado. Mfadhili wake amekwisha kupatikana, na ameketi pale nyuma akijifanya hasikii.

Wahenga walituachia agizo: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi tumejifunza kwamba ufa huzibwa na wawili, na kwamba ukishazibwa, iandikwe nani na nani waliuziba.